Siku Sufuria Zilipolia Beechmont

Louisville, 9 Machi 2024

…na hapo simu ikakatika, Yaya Masika, dada yangu mkubwa, kabla sijakueleza kwamba ananipikia chai! Mume wangu! Anatoka ghalani asubuhi, mgongo umekufa kwa kubeba maboksi usiku kucha, na bado ananiletea chai kitandani na kuniuliza kama nimeota vizuri. Miezi mitatu ya ndoa, na mpaka leo nikisikia viatu vya Murhula kwenye ngazi natengeneza nywele. Usicheke. Najua unacheka.

Bon, salamu, maana baba angenikaripia. Kifua chako kimeachana na baridi ya Buffalo? Watoto bado wanakujibu Kiingereza? Sisi hapa Beechmont ni wazima, tumeshiba, tunapendana.

Nilitaka kukupa habari za Jiayi. Ni binti wa Kichina wa miaka kumi na sita, anaishi ghorofa ya chini yetu kwa baba yake mdogo, mpishi wa mkahawa. Anasoma sekondari ile ninakofanya kazi jikoni. Kiingereza cha vitabu anakijua ajabu, anaweza kukuandikia kurasa tatu juu ya vita vya zamani. Lakini mtu akimsemesha njiani anaganda. Mwezi jana, kwenye kituo cha basi, kijana mmoja wa koti jekundu alimshika nywele akamgonga uso kwenye nguzo mpaka jino likang'oka. Wenzake wawili wanapiga video, wanacheka. Mimi nilifika wameshaondoka. Nilimkuta anatafuta jino lake kwenye matope.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?"

Akasema, "Nilikuwa natafuta sentensi."

Donc, kwa hiyo, kila Jumamosi anapanda kwangu. Tunapika sombe, yale majani ya muhogo, na simruhusu kufanya kitu bila kukisema kwa Kiingereza, maneno mafupi, kimoja baada ya kingine. Naosha sombe. Nakata kitunguu. Mafuta yamepata moto. Hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilivyojifunza. Nikamwambia tena: ukivamiwa, achana na sentensi. Fanya kama kwetu. Wauaji wakija, nyumba moja inapiga sufuria, ya pili inaitika, mpaka mji mzima unalia. Tukajaribu kidogo. Murhula akatokea chumbani na macho ya usingizi: "Mke wangu, kuna harusi nyingine humu na mimi sikualikwa?"

Ameniahidi kunipeleka kuona maporomoko ya Niagara, Yaya! Tutalala kwako. Andaa godoro moja tu, tunatosha.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kavugho

Buffalo, 23 Machi 2024

Mdogo wangu Kavugho,

Barua yako nimeisoma kwenye basi nikienda kiwandani, nikacheka mpaka mama niliyekaa naye akahama kiti. Kifua kimepona. Watoto hawajambo, nikiwaita wananijibu "What?" kama maaskari wa barabarani. Msalimie shemeji, mwambie chai hiyo aendelee nayo hata mkifika mwaka wa kumi.

Lakini jambo la sufuria usimfundishe mtoto wa watu. Usiku ule wauaji walipokuja wewe ulikuwa na miaka minne, nimekubeba mgongoni ndani ya migomba. Ulisikia sauti tu, na umeipenda mpaka leo. Mimi nilikuwa natazama. Mama alipiga sufuria. Jirani wa kwanza akazima taa. Wa pili tukasikia anaburuta kabati kuziba mlango. Hakuna aliyeitika, Kavugho. Hata mmoja. Walimkata akiwa bado anapiga, na sufuria ikabingirika uani mpaka ikafika kwenye miguu ya mbuzi.

Sikukwambia miaka yote hii kwa sababu ulivyokuwa unaisimulia ile sauti, uso wako uling'aa. Nyumbani kwangu sufuria zote ni zile nyepesi zisizolia. Mfundishe huyo binti kupiga simu polisi. Mfundishe kukimbia.

Yaya wako,
Masika

Louisville, 14 Aprili 2024

Yaya,

Uko mzima? Mimi ni mzima. Murhula yuko jela.

Barua yako niliipata, nikailia, nikaiweka chini ya godoro ili mume wangu asiione. Nilipanga kumwambia Jiayi asahau sufuria. Nilipanga kumwambia jana, tukishakula.

Jana mchana nilimwacha jikoni anachambua mchele, nikashuka chini kabisa kwenye mashine za kufulia. Wale vijana watatu walikuwa wamemfuata toka kituo cha basi. Wakapanda, wakapiga mlango mateke mpaka komeo likaruka. Mimi niko chini na mashati ya Murhula mikononi, nasikia: teng! teng! teng!

Nilidhani ni kichwa changu. Nikakimbilia juu. Nikaanguka kwenye ngazi, goti likapasuka, natambaa kama mtoto. Nilipofika juu damu ilikuwa ukutani, kwenye jiko, kwenye mchele. Ya kisu alinieleza Murhula: yule wa koti jekundu alimchana Jiayi mkono wa shati, naye Murhula akatoka usingizini na kaptura yake, akakidaka kile kisu kwa mkono wa kushoto. Kwa kiganja, Yaya! Vidole viwili vilikatwa mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Kwa mkono wa kulia akachukua mwiko wa bugali akampiga yule kijana usoni. Nikiwa bado ngazini nilisikia taya likivunjika. Akaanguka. Murhula akampiga tena. Sitakuficha, alimpiga tena akiwa chini, na mkono wa kijana ukalala upande ambao mkono haulali.

Mmoja wa wenzake aliokota kisu, wakakimbia wote wawili kwa ngazi za nyuma kabla mtu mwingine hajaingia. Polisi walipofika waliona nini? Mwanamume mweusi bila shati, mwiko wenye damu, na kijana anatokwa povu jekundu mdomoni. Murhula anasema kisu, kisu. Hakuna kisu. Mimi sikukiona kwa macho yangu. Aliyekiona ni Jiayi. Polisi akamwinamia: "Nini kimetokea, dada?" Akafungua mdomo. Akaufunga. Nilijua anatafuta nini.

Pete yake ilikuwa imezama ndani ya kidole kilichovimba. Hospitali waliikata, wakanipa vipande ndani ya kifuko.

Na hata hapo, Yaya, alivyosimama mbele ya yule binti akiwa anachuruzika damu, nilimpenda upya kana kwamba ndiyo kwanza namwona. Nifanye nini mimi?

Mdogo wako,
Kavugho

Buffalo, 22 Aprili 2024

Kavugho mpenzi,

Nimekusikia. Nakula, nalala kidogo, usiniulize zaidi. Wewe je, unakula? Goti walilishona?

Mume wako ana shahidi mmoja tu. Mtafute binti, umkumbatie, lakini aseme. Usimwache baba yake mdogo akamficha.

Na kitu kimoja hukuniandikia. Ile sufuria alipoipiga. Kuna aliyeitika?

Yaya wako,
Masika

Gahanna, 4 Mei 2024

Yaya wangu,

Pole na kazi, naamini hujambo na watoto. Nakuandikia toka Ohio, mezani kwa Cubaka, kaka mkubwa wa Murhula. Ulijuaje kwamba angemficha? Baba mdogo wa Jiayi alifunga virago vyao, akamleta huku Gahanna, karibu na uwanja wa ndege. Cubaka alizunguka migahawa yote ya Kichina mpaka akampata.

Leo tulibisha. Yule bwana alifungua nusu mlango. "Mtoto hakuona kitu. Kiingereza hajui. Nendeni."

Cubaka akapandisha sauti: "Mdogo wangu ameharibika vidole kwa ajili ya mtoto wako, na wewe unatufungia mlango?"

Jiayi alisimama nyuma, kichwa chini. Nikamwambia Cubaka anyamaze. Nilikuwa na mfuko wa sombe, nilimletea kama zawadi. Nikasema, "Baba, niruhusu nimpikie tu, kisha naondoka." Akaniangalia, akapisha. Mpishi hawezi kumkatalia mtu jiko.

Nikaanza. Naosha sombe, nikasema kwa Kiingereza. Kimya. Nawasha jiko. Kimya. Nikashika kitunguu, nikaanza kukikata bila kukisema. Nyuma yangu nikasikia, taratibu: "Unakata kitunguu."

Akageuka akaongea na baba yake mdogo kwa Kichina, muda mrefu. Yule bwana akamzaba kofi, mkono ukalia jiko zima. Jiayi hakurudi nyuma. Akaendelea kuongea, shavu limewaka. Mwisho yule bwana akakaa sakafuni, akafunika uso kwa aproni. Anaogopa watarudi na kisu kingine, Yaya. Nani hataogopa? Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana. Tulikula wote wanne.

Mahakama ni tarehe 29 mwezi huu.

Wako,
Kavugho

Louisville, 7 Juni 2024

Yaya! Yaya Masika wangu!

Keti kwanza. Afya yako, afya ya watoto, nitauliza vizuri baadaye, sasa hivi mume wangu yuko nyuma yangu anachemsha maji ya chai kwa mkono mmoja!

Walikuja. Yule bwana mwenyewe ndiye aliyeendesha gari toka Gahanna, na aliketi mstari wa mbele na suti ya kuazima. Jiayi walimletea mkalimani. Akasema asante, kwanza atajaribu mwenyewe.

Mwendesha mashtaka akamwambia aeleze kuhusu mapigano. Akaanza: "Nachambua mchele. Naondoa mawe. Namwaga maji." Watu wakaanza kutazamana. Mwendesha mashtaka akasema, "Binti, ruka hayo, anzia mlango ulipopigwa." Jaji, mama mmoja wa miwani, akasema, "Mwache."

Akaendelea kimoja baada ya kingine, kama tulivyofanya Jumamosi zote. Mlango unapigwa teke. Komeo linaruka. Wa koti jekundu anavua kofia. Anatoa kisu mfukoni, mpini mweusi. Anasema atanikata mdomo. Nachukua sufuria. Anakata shati langu. Kaka Murhula anakuja. Anashika kisu. Kisha anapiga.

Yaya, hakuacha hata pigo la pili. Nilifumba macho. Lakini hakuwa amejifunza kuruka kitu. Jaji alisema pigo la kwanza hata yeye analielewa. Kwa la pili alimtazama Murhula muda mrefu, kisha akatazama mkono uliofungwa bandeji. Akafuta shtaka.

Vidole viwili havikunji tena. Pete tumeiunganisha, anaivaa kwenye uzi shingoni, na nikilala kifuani kwake inaniacha alama. Naitazama kwenye kioo kila asubuhi. Cheka tu!

Sasa swali lako. Nilikaa nalo kwa sababu nilitaka kulijibu nikiwa nimetulia. Nikiwa pale ngazini, goti linavuja, nilisikia ya kwanza, ya Jiayi. Kisha ghorofa ya pili ikaitika. Mama Mukabutera, jirani yetu aliyetoka kule kwetu, yule asiyesimama bila mkongojo, alikuwa anagonga kifuniko ukutani. Kisha ya tatu, kisha upande wa barabara. Milango ilikuwa inafunguka, Yaya, haikuwa inafungwa. Walitoka na taulo, na watoto, na sabuni kichwani. Walinipita nikiwa nimeanguka, wakipanda. Hakuna aliyeuliza ni nani anayelia.

Waliitika. Wote.

Kabla ya mwezi huu kuisha tutakuwa kwako, mimi na Murhula, na Jiayi amepewa ruhusa, tutampitia Gahanna. Ongeza godoro. Na ukisikia mtu mlangoni usiogope, tutabisha kwa mkono tu.

Mdogo wako,
Kavugho