Mizani Ikiwa Tupu

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Mtandao umekata mara nne. Naingiza uzito wa watoto wa Aprili kwenye kishikwambi, unapotea, naingiza tena. Zahanati nzima mtunza kumbukumbu ni mmoja, ndio mie, halafu watu wa Chanika wananiita Mama Takwimu kama vile nimepewa cheo.

Kuna kitu sikipendi. Watoto waliopimwa mwisho wa mwezi wameshuka. Si mmoja, si wawili. Mstari wa grafu ulikuwa unapanda vizuri tangu Januari, ghafla umeinamisha kichwa. Nimemwonyesha daktari mfawidhi. Kasema labda mafua, labda unga umepanda bei. Tuone kliniki ya kesho.

Jumanne, 6 Mei

Benchi limejaa mpaka barazani. Sista Bahati anapima, mie naandika. Siku hizi kila mama anakuja na suruali yake ya kupimia, kaishona mwenyewe kwa kitenge. Mtoto anavishwa, anatundikwa kwenye ndoano ya mizani, analia, tunasoma, anayefuata.

Rahma, miezi minane. Mwezi jana kilo saba na gramu mia sita. Leo saba na mia nne. Nikamgombeza mama yake, Zaituni, mbele ya benchi zima. Mtoto unamlisha nini wewe, hewa? Mdomo wangu huu utaniponza. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alikuwa amekaa nyuma. Akainyakua kadi, akaisoma mara mbili, akaitia kwenye pochi yake. Zaituni alilia tu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeharibu nyumba ya watu.

Sista Bahati anakaa mtaa mmoja na kina Zaituni. Anasema Bi Somoe kazunguka na ile kadi, mlango kwa mlango: mjukuu wangu amebemendwa. Neno hilo likishatoka halirudi. Wazee wanaamini mama anayenyonyesha akilala na mwanamume mwingine, mtoto anadhoofu. Na mume wa Zaituni ni dereva wa lori, yuko safarini mwezi wa pili huu. Sasa huyo mwanamume ni nani? Ndilo swali la mtaa mzima.

Jumamosi alfajiri Bi Somoe anaondoka na Rahma kwenda Masasi, akaachishwe ziwa na kupewa dawa za miti. Miezi minane! Zaituni arudi kwao. Mume kapigiwa simu, kakubali, tena hajauliza hata swali moja. Wanaume nao.

Ushahidi wote ni kadi. Mwandiko ni wangu. Chakula hakipiti.

Alhamisi, 8 Mei

Kliniki tena. Na hawa wameshuka. Hata pacha wa Mama Chipsi, wale wenye mikunjo mapajani kama maandazi. Mama Chipsi kacheka, akasema mizani yenu inatania. Mie nikamwambia apunguze kuwapa chai. Mjinga mie.

Mfawidhi amewapigia wilayani. Wanataka ripoti Jumatatu: utapiamlo Chanika. Sista Bahati ananiuliza, hivi Mama Takwimu, ni njaa gani hiyo inayoingia nyumba zote kwa pamoja, ya mwenye nacho na asiye nacho?

Ijumaa, 9 Mei

Niandike yote kabla sijasahau.

Asubuhi nilitandaza madaftari sakafuni. Nikakuta kila mtoto kashuka mara moja tu, na wote baada ya katikati ya Aprili. Waliopimwa kabla ya hapo, hakuna aliyeshuka. Mtoto mmoja akishuka unamuuliza mama yake. Wakishuka wote, jiulize mwenyewe. Katikati ya Aprili tulibadilisha nini?

Nikakumbuka.

Suruali. Zamani tulikuwa na suruali moja ya zahanati, ya turubai, ina mikanda minene na kichuma cha kutundikia. Ilinuka mikojo. Nikaipeleka nyumbani mwenyewe, nikaifua, nikaianika, mbwa wa jirani akaichanachana. Kwa aibu nikawaambia akina mama, kila mtu aje na yake. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ile ya turubai ilikuwa nzito. Sista wa kabla ya Bahati, aliyestaafu, aliitundika, akakaza skrubu mpaka mshale ukasimama sifuri. Suruali ikaondoka, skrubu ikabaki palepale. Nikaenda kuitazama mizani ikiwa tupu. Mshale umekaa nyuma ya sifuri! Wiki tatu umekaa pale, sote tunaupita. Nani anaangaliaga mizani isiyo na mtoto?

Nikatia pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye suruali ya kitenge, nikatundika. Kilo moja na nusu. Sista Bahati akasema, Mungu wangu. Akaenda dukani kuleta pakiti nyingine. Moja na nusu.

Sikuomba ruhusa. Nimeng'oa mizani, nimepanda bodaboda nayo mapajani, matope mpaka kwenye kilemba.

Bi Somoe alikuwa anafunga begi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida. Nikasema, mama, kadi imekosea, na aliyekosea ni mie. Akasema umetumwa na huyu, akimnyooshea kidole Zaituni aliyesimama pembeni. Nikamwomba anipe unga wake mwenyewe, ambao sijaushika. Akatoa pakiti kwenye ndoo, kilo mbili, haijafunguliwa. Tukatundika mizani kwenye boriti ya jiko, unga ndani ya suruali ya Rahma. Nikaiacha skrubu ilivyo. Moja na nusu. Akaigonga mizani kwa kidole. Moja na nusu.

Kisha nikatundika suruali peke yake, nikarudisha mshale sifuri, nikautia unga. Mbili kamili. Bi Somoe akainama kuusoma mshale mwenyewe.

Rahma sasa. Alipiga mateke, mshale ukacheza, tukasubiri atulie. Kilo saba na gramu mia tisa. Kapanda. Kapanda vizuri sana! Nimelia kama mtoto, mie mtu mzima, jikoni kwa watu.

Nikamgeukia Zaituni, nikamwomba radhi. Majirani walikuwa mlangoni, nikapaza sauti makusudi, maana nilimtukana hadharani. Bi Somoe hakusema samahani. Aliketi kwenye kigoda, akatoa nguo za mtoto begini, moja moja, akazirudisha kwenye kamba. Halafu akaomba simu, ampigie mwanawe.

Nimepumua. Nimekula wali sahani mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Mfawidhi kanifokea kwa kung'oa mizani, halafu kanishukuru, halafu kafoka tena kidogo. Haki yake. Ripoti ya utapiamlo haiendi. Inaenda barua ya kosa, na jina langu lipo. Niliyataja yote, hata mbwa.

Tarakimu mbovu hatuifuti. Unapiga mstari mmoja juu yake ili isomeke, unaandika sababu pembeni, unatia saini. Nimetia saini mpaka kidole kimeota sugu. Watoto wote wa wiki hizo wanaitwa kupimwa upya. Najisikia mwepesi.

Jumanne, 13 Mei

Kliniki. Foleni inakwenda polepole, maana kila suruali inatundikwa tupu kwanza. Wananung'unika. Mama Chipsi anaulizia kama na yeye anaweza kupimwa kwa mizani ya wiki jana.

Bi Somoe alikuja, Rahma mgongoni, Zaituni nyuma yake. Sikutegemea. Walipofikiwa, Bi Somoe alisogea mpaka kwenye mizani, akautazama mshale unavyotulia. Sifuri.

Kisha akafungua khanga, akamshusha mtoto, akamkabidhi Zaituni amtundike.