Chenga Tupu

Ifakara, Jumatano, Juni 1995

Chenga tupu! Mpunga wangu wote umetoka mashineni umevunjika vunjika, na fundi wa mashine akanicheka mbele za watu: "Dada Skola, umetuletea chakula cha kuku."

Haraka yangu hiyo. Niliuanika juani mchana kutwa ili uwahi kukauka, punje zikapasuka. Mwaka jana ndizi nilizonunua kule Sanje ziliniivia njiani, nikalaumu lori. Leo sina wa kumlaumu.

Mume wangu anasema niache biashara, turudi kulima kijijini Mbingu. Naogopa, sikatai, ila kurudi...

Nimeshaloweka beseni zima la chenga. Kesho asubuhi natwanga, napika vitumbua, nauza palepale mlangoni pa mashine. Cha kwanza atanunua yule fundi.