Pikipiki ya Kwanza kwa Jina Langu

Mwenzangu, uko hewani? Nimejifungia chooni kwenye ofisi ya usajili.

Nimekuja kusajili ile pikipiki nyekundu niliyokutumia picha, ile ndogo isiyokula mafuta. Mama wa dirishani akatazama kompyuta, akaniuliza, "Kwa hiyo hii ni ya pili?"

Ya pili! Mimi huku ugenini hata baiskeli sina.

Akasema, "Ya kwanza ni ya bluu, ilisajiliwa mwaka jana kwa pasipoti yako. Polisi wanaitafuta. Ilimgonga mtu, dereva akakimbia."

Akakimbia, mwenzangu. Kwa jina langu!

Halafu akanisomea namba ya pikipiki hiyo. Namba hiyo naijua kama ya simu yangu, maana kila asubuhi ndiyo inayonipeleka kazini.

Ni ya shemeji. Mume wa dada, huyo huyo aliyenipokea nilipofika, akachukua pasipoti yangu eti anishughulikie kibali. Huyo huyo aliyenuna niliposema nataka kununua yangu. "Ya nini, shemeji, na mimi nipo?"

Mama wa dirishani kaniambia nisiondoke, polisi wako njiani. Akaniuliza kama najua pikipiki ilipo.

Nikasema sijui. Nimesema sijui, unanielewa? Nilimfikiria dada, na ujauzito wake ule.

Sasa namwona shemeji nje, kupitia kidirisha cha choo. Dada kamwambia niko huku, amekuja kunichukua. Kaegesha ile bluu mlangoni kabisa. Anafuta kiti cha nyuma kwa leso, kama kila asubuhi, nisichafuke.