Kobe wa Bwawa la Chini

Kwako dada yangu Kanae,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko Sapporo haijawaumiza, na kwamba kifua cha shemeji kimepona. Mama hajambo. Baba anakula na kufoka kama kawaida, ila mkono wake wa kulia hauko sawa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Wiki iliyopita Baba alikuwa bwawa la chini, tope limemfika kifuani, akipapasa mizizi ya yungiyungi. Mara akapiga ukelele. Nilidhani ni moyo. Alipoinua mkono, vidole viwili havikuwepo. Alichosema ni, "Chizuru, usiingie! Usiingie!"

Watu wa halmashauri wakatega mitego, wakanasa kobe wa majini mkubwa kama beseni la kufulia, kinywa wazi, ananuka vibaya. Jirani yetu Tokita akasema, "Huyo si kobe, ni mamba kavaa sufuria!" Tukacheka, maana tulidhani yameisha. Kisha afisa akampindua, akasema ni jike, na kwamba ukingoni ameona maganda ya mayai yaliyokwisha kuanguliwa. Hakuna aliyecheka tena. Mabwawa yetu yote yameunganishwa kwa mifereji, na wajukuu wa Tokita huvua kamba humo.

Dada, siku hizi siwezi kuosha vyombo bila kuchungulia kwanza ndani ya maji. Lakini Baba amerudi bwawani, bandeji ameifunga mfuko wa nailoni, eti mizizi ya kuuzwa Mwaka Mpya haingoji. Tokita alijitolea kumsaidia, akafukuzwa kwa matusi. Nikamwuliza Baba kama anataka kufa. Akaniambia jambo, akaniomba nikufikishie, kwani yeye hawezi.

Yule kobe ambaye Baba alikununulia ulipokuwa mdogo, aliyeenea kwenye kikombe cha chai, hakufa. Alikua, akaanza kumng'ata Mama. Ulipokwenda safari ya shule, Baba akamwachilia bwawa la chini, akakudanganya kwamba kafa. Kaburi ulilolipambia maua halikuwa na kitu. Sasa anaona kila kinachotambaa kwenye tope lile ni chake. "Kama kuna vidole vya kuliwa," alisema, "viwe vyangu."

Jumapili atawaeleza majirani. Naogopa watakavyomtazama, ila tope naliogopa zaidi. Jana nilivaa suti ya mpira nikaingia naye. Alinitukana mpaka akachoka. Kisha akanipa bomba la maji la kuondolea tope kwenye mizizi, akatangulia, ili kila nitakapokanyaga awe amekwisha kukanyaga yeye.

Usimchukie, dada. Mpigie kabla ya Jumapili, hata kama ni kumgombeza tu.

Shemeji na watoto wape salamu zetu. Mama anasema ujifunike vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Chizuru