Kiti Ulichokiacha Nyuma

Chumba kilekile,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Twiga,

Salamu nyingi sana. U hali gani, na kazi inakwendaje huko kwenye baridi? Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao nitakueleza. Mama naye hajambo. Wiki hii ameniuliza mara mbili kama umeandika, nikamwambia una shughuli nyingi.

Gari letu la mikate bado linatembea. Klachi imekuwa ngumu kama ubishi wako, na kwenye foleni naikanyaga mpaka jasho linanitoka. Tangu uondoke, zamu zote mbili ni zangu. Hakuna wa kunisema nikiingiza gia vibaya, basi najisema mwenyewe.

Mguu ulianza kwa ganzi kwenye paja, maumivu yakapanda kiunoni, na wiki iliyopita goti likagoma katikati ya mlima. Gari likazima, nyuma wakanipigia honi. Meneja akasema nisipopona mwezi huu usukani atapewa mwingine. Maji yakanifika shingoni, nikaenda kwa mama mmoja anayetibu misuli.

Hakuushika mguu kwanza. Alishuka nami hadi garini, akaniambia nikae nikanyage klachi mpaka chini. Akanitazama, akacheka. Miguu yangu mifupi unaijua. Nilikuwa nateleza hadi mgongo unaachana na kiti, goti limenyooka lote, nyonga ndiyo inasukuma. Akanifundisha kwamba mgongo uegemee, goti libaki limekunjwa kidogo hata klachi ikifika chini, na nisipobadili gia mguu niuweke pembeni upumzike, si kuuning'iniza juu ya klachi.

Kisha akauliza, "Kiti hiki nani alikirudisha nyuma hivi?"

"Mdogo wangu. Tunapokezana gari."

"Leo yuko zamu gani?"

Nikamwambia ulishaondoka, uko mbali. Miaka mitatu, Twiga, nanyoosha mguu kuufuata urefu wako. Ulikuwa ukininunia kila nikikigusa kiti, nikazoea kukiacha. Halafu kikikaa hapo naona kama wewe utakuja mchana kuchukua ufunguo. Nimekukumbuka mno. Chumba hiki kimenizidi ukubwa.

Juzi nilikisogeza mbele matundu manne ya reli yake. Jana niliendesha siku nzima bila ganzi, na siku nzima nilijiona kama nimekutoa nyumbani.

Mama anakusalimu, shangazi pia, na mpishi wa mikate anauliza kama bado unakula mkate ukiwa wa moto. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe na watu wa kucheka nao.

Kabla sijakisogeza kiti nilipaka rangi nyeupe kwenye reli, pale mahali pako. Siku ukija, hutahangaika kupatafuta.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako mfupi