Kizingiti cha Sahani Mia Tatu

Rubona, 6 Januari 2024

Mutoto wangu Nasrine,

Salaam aleikum. Mi niko muzima, ni magoti tu inanisumbua. We na kazi yako ya hesabu huko Kigali? Nakuandikia sababu kwa simu tunagombanaka, na Ngoga wa taxi analeta barua bila kuongeza neno.

Nauza sahani ya sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, kwa franga mia tano, kuitengeneza inakula mia tatu. Zinaisha kila siku, na bado nakopa mafuta kwa Jovia wa duka. Ikiendelea hivi, Ramadhani itanikuta nimefunga banda. Franga inaendaka wapi?

Mama yako, Saidati

Kigali, 14 Januari

Mama,

Waaleikum salaam. Pole na magoti. Mimi mzima.

Zile mia mbili zinazobaki si faida bado. Kwanza zinalipa gharama zisizohama, zile zinazokungoja hata siku hujauza kitu. Zikiisha kulipwa, umefika kizingiti: hupati, hupotezi. Sahani inayofuata ndiyo faida. Niandikie gharama zako zisizohama.

Mwanao, Nasrine

Rubona, 25 Januari

Nasrine mama,

Habari ya siku? Huku ni mvua tu. Kizingiti mi najua cha mulango. Bon, zisizohama ni hizi: banda na chumba ninamolala elfu thalathini, mulinzi elfu kumi, chumba cha nyuma elfu makumi mbili. Kwa mwezi nauza sahani mia mbili na sitini.

Mama

Kigali, 2 Februari

Mama,

Natumaini mvua imepungua. Elfu sitini, gawanya kwa mia mbili: sahani mia tatu. Unapungukiwa arobaini, yaani elfu nane zinapotea kila mwezi.

Ulipohamia Rubona sikuwepo, kwa hiyo sijui hicho chumba unakiwekea nini. Magunia? Kitoe kwenye hesabu, kirudishe kwa mwenye nyumba. Kizingiti kitashuka hadi sahani mia mbili, na utaanza kupata.

Mwanao

Rubona, 11 Februari

Mutoto wangu,

Uko salama? Mle iko kitanda yako. Uliondoka ukisema hutalala tena kwangu, mi nikasema hasira inapitaka. Nililipia vyumba mbili, yangu na yako. Kila Ijumaa nafagia.

Mwenye hesabu ni we. Ukisema nitoe, natoa. Nangoja jibu yako mpaka mwisho wa mwezi tu, sababu Jovia amekataa kunikopesha tena.

Mama

Kigali, 1 Machi

Mama yangu,

Sijui nikusalimie vipi. Barua hii nimeichana mara nne kwa aibu. Hesabu ilikuwa sawa, aliyekosea ni mimi. Usikitoe. Nakuja Jumamosi ya tarehe tisa, nilale humo.

Nasrine wako

Rubona, 3 Machi

Nasrine,

Salaam. Nilingoja, hukujibu. Jana nimeacha chumba, mwenye nyumba amekipa mwalimu moja, jina yake Alliance. Hesabu yako ni ya kweli: banda haitafungwa. Jana hiyo hiyo nililia mpaka Jovia akaja kuuliza nani amekufa.

Nilikuwa nafunga hii, Ngoga akaleta yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na magoti haya.

We njoo tu. Kitanda yako niliihamisha kwangu, iko kando ya yangu. Imebana mulango, haifungukaki yote. Ukifika usipige hodi, sukuma tu na nguvu.

Mama