Moshi Tuliouona Kutoka Juu ya Barafu

Turffontein, Johannesburg

Kwako dada yangu Masika,

Nakusalimu wewe na mama hapo Butembo. Mguu wake umepungua kuvimba? Namshukuru Mungu ulimchukua kwako kumtibu kabla ya yale yote. Anakula? Sisi ni wazima wa mwili. Paluku amerudi kulinda geti kule Sandton, nami nimerudi saluni Randburg, lakini vidole vinasuka huku machozi yanatiririka, hadi jana mteja akaniomba nipumzike kwanza.

Umeniuliza mara mbili sasa. Mama anataka kujua kama siku ile baba aliwasha ule moto. Leo nakujibu.

Unajua safari yetu ilivyoanza. Barabara ya nyumbani ilipofungwa na vita, mume wangu Paluku akasema kama mlango umefungwa, tupande juu ya paa tuchungulie. Ndiyo tukapitia Uganda, tukaingia mbuga ya Ruwenzori, tupande hadi mpakani tuione Kongo kwa chini. Baba alifurahi mno kwenye simu. "Jumamosi asubuhi nitachoma mabua shambani, niweke majani mabichi ya migomba juu. Mukiona moshi mweupe, ni mie nawasalimia."

Dada, mlima ule ni mateso. Matope hadi magotini, miti ina ndevu, na baridi yake sijui niieleze vipi. Nilimgombeza Paluku kila siku, naye alinibebea mfuko akiimba nyimbo za kwaya vibaya kwa makusudi ili nicheke. Kwenye barafu tulifungwa kamba moja, na vyuma vyenye meno chini ya viatu. Kiongozi wetu, Mkonzo wa upande wa Uganda tuliyeelewana naye kwa lugha yetu ya Kinande, alituonyesha miamba mitupu, akasema alipoanza kazi pale pote palikuwa barafu. Nilisikitika, ila nilikuwa na raha pia. Tangu tuoane sikuwahi kushinda na mume wangu siku nzima bila mmoja wetu kukimbilia zamu.

Jumamosi mawingu yalifunguka, na bonde letu lote likawa chini yetu. Paluku ndiye aliyeuona kwanza.

"Kavira! Angalia kule! Baba iko natusalimia!"

Ulikuwa mweupe, mwembamba, pembeni ya mto, peke yake. Nilipiga vigelegele hadi koo likauma. Kisha ukatokea mwingine karibu, mweusi, halafu mingi.

"Mzee ameita majirani wote!" Paluku akacheka.

Tulicheza, dada. Tulicheza juu ya barafu tukipunga mikono, na huku nyumba za kwetu zinaungua. Kiongozi hakucheka. Alisema tu tushuke.

Ujumbe wako ulitukuta chini tulipopata mtandao. Uliandika kwamba watu walianza kukimbia alfajiri waliposikia waasi wanakuja, kwamba jirani alimwita baba, naye akajibu atafuata, ana kazi kidogo shambani, na waasi wakamuua hukohuko. Kazi hiyo tulikuwa sisi, na tangu siku hiyo usingizi sipati.

Paluku anataka tumwambie mama kwamba mawingu yalifunika, hatukuona kitu. "Tuache mama alale," anasema. Hata jirani yetu Mama Zuhura, yule wa Tanga anayetuletea chakula kila jioni, anamuunga mkono. "Eish, mdogo wangu, huo si uongo, ni huruma."

Labda ni huruma kweli. Lakini nikisema hatukuona moshi, mama atabaki akijiuliza mumewe alibaki nyuma kwa sababu gani, na hakuna atakayemjibu. Siwezi kumwachia hilo.

Basi mwambie aliwasha. Mwambie tuliuona kabla ya ile mingine yote, na tuliitikia kwa sauti zetu zote. Akiuliza kama ni sisi tuliomchelewesha, usinitetee.

Nisalimie shangazi aliyemwosha baba, na mjomba aliyeshika sepetu kaburini badala ya mkwe. Paluku anawasalimu wote. Hajaweza kuandika lolote.

Na mama akitaka kunilaumu, mpe simu anilaumu mwenyewe. Sitakata hadi amalize.

Mdogo wako,
Kavira